Picha za Mbali, Anga la Kamina

Jioni ya leo sileti siasa wala bei ya mahindi. Kama hakuna mawingu kwenu, chukueni redio, mtoke uani, mkae mahali ambapo mti hauwazibi. Nataka tuzungumze juu ya anga.

Siku hizi kuna picha zinazotembea kutoka simu hadi simu, hata hapa Kamina, katika Katanga ya Congo, ambako megabaiti hununuliwa kwa kujinyima. Mmeziona: mawingu ya rangi ya kutu na buluu yenye nyota ndani yake, galaksi zilizojikunja, duara jeusi lililozungukwa na mwanga wa rangi ya chungwa. Vijana wanaojua kwamba napenda nyota huniletea picha hizo na kuniuliza maswali mawili. La kwanza: ni kweli, au ni kompyuta tu? La pili: hapo ni wapi? La kwanza nitalijibu. Lakini la pili ndilo lililonikalisha mbele ya maikrofoni hii, kwa sababu jibu lake huwashangaza kuliko picha yenyewe. Hapo ni juu yetu. Mengi kati ya mambo yaliyopigwa picha zile maarufu hupita juu ya mapaa ya Kamina, na mengine hupita karibu kabisa na utosi.

Tuchukue picha ile ambayo wanaastronomia wenyewe waliipa jina la majabali. Chini kuna kingo za kahawia zilizopanda na kushuka, juu yake buluu iliyojaa nyota. Ilitolewa Julai 2022, miongoni mwa picha za kwanza za darubini ya James Webb, ile iliyorushwa siku ya Noeli, tarehe 25 Desemba 2021, kutoka Kourou huko Guyana ya Ufaransa. Kioo chake kina upana wa mita 6.5, kimeundwa kwa vipande 18 vilivyopakwa dhahabu, nayo inafanya kazi umbali wa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, karibu mara nne ya umbali wa mwezi. Majabali yale ni ukingo wa nebula ya Carina, wingu la gesi na vumbi ambamo nyota zinazaliwa. Mwanga unaotufikia leo kutoka huko uliondoka zaidi ya miaka 7,000 iliyopita.

Sasa sikilizeni. Mwezi wa tano, mnamo saa mbili au saa tatu usiku, simama hapa Kamina uangalie kusini. Utafute Msalaba wa Kusini, nyota zake nne zinaonekana wazi. Kisha sogeza macho upande wa kulia, kuelekea magharibi. Pale utakapoona ukungu hafifu wa mwanga ambao haupeperuki, pale ndipo picha ile ilipopigwa. Huhitaji kununua chochote. Unahitaji giza, na subira ya robo saa hivi ili macho yazoee. Mtu wa Paris au wa Brussels, hata awe na darubini ya bei ya nyumba, hawezi kuiona nebula ya Carina kutoka kwake, kwa sababu kule haichomozi kamwe. Yeye ana picha tu. Sisi tuna picha, na tuna yenyewe.

Mwaka 2025, tarehe 23 Juni, kituo kipya cha Vera C. Rubin kilichojengwa juu ya mlima huko Chile kilitoa picha zake za kwanza. Moja yake ilionyesha nebula mbili jirani, zile ziitwazo Trifid na Lagoon, nyekundu na zambarau, zikiwa zimezungukwa na nyota zisizohesabika. Iliunganishwa kutokana na picha 678 zilizopigwa kwa muda wa saa saba na kidogo. Nilipoiona kwenye simu nilitoka nje usiku uleule, maana Juni ni majira yake. Nebula hizo ziko katika kundi la nyota ambalo wazee wa pwani, katika elimu yao ya falaki, waliliita Mshale, jirani wa Nge. Juni na Julai, usiku unapokolea, Nge na Mshale hupanda hapa kwetu mpaka mtu ainamishe kichwa nyuma kabisa kuwaona. Nebula ya Lagoon huonekana kwa macho matupu kama doa dogo la ukungu, na kwa darubini ya macho mawili, ile ndogo ya kuangalia ndege, doa lile linafunguka na nyota zinaanza kuonekana ndani. Halina rangi. Nasema hivyo mapema ili pasiwe na mtu wa kuvunjika moyo. Macho yetu gizani hayasomi rangi vizuri, kwa hiyo utaona kijivu. Lakini kijivu kile kimesafiri maelfu ya miaka hadi kikaingia machoni mwako wewe, bila simu, bila kampuni yoyote katikati.

Kando ya hapohapo, mahali Nge na Mshale wanapokaribiana, ndipo katikati ya galaksi yetu. Mei 2022 wanasayansi walitoa picha ya shimo jeusi lililoko pale, zito kuliko jua letu mara milioni nne, umbali wa miaka ya nuru 27,000. Waliipata kwa kuunganisha darubini nane za redio zilizotawanyika duniani, kutoka Hispania hadi Ncha ya Kusini, zikaelekezwa mahali pamoja kwa wakati mmoja mwaka 2017. Ilichukua miaka mitano kuzichambua data zile. Na kabla ya hapo, Julai 2018, Afrika Kusini ilipozindua darubini ya redio ya MeerKAT, sahani zake 64 zilizosimama katika nyika ya Karoo, picha waliyoichagua kuonyesha siku ya uzinduzi ilikuwa ya eneo hilohilo la katikati ya galaksi. Napenda kulisema hili polepole: moja kati ya picha safi kabisa za kitovu cha galaksi yetu imepigwa na darubini iliyoko Afrika. Zambia, jirani yetu wa kusini, imo katika orodha ya nchi za Afrika zinazoshirikiana katika mradi mkubwa unaofuata wa darubini za redio, SKA. Congo haimo. Ningependa iwemo, na nadhani wasikilizaji walio vyuoni wanaelewa kwa nini nalitaja.

Sasa lile swali la kwanza: ni kweli, au ni kompyuta? Darubini ya Webb huona mwanga ambao jicho la mtu haliwezi kuuona, ule ulio upande wa pili wa wekundu, ambao sisi huuhisi kama joto. Hupiga picha nyingi kupitia vichujio mbalimbali, kisha watu hupanga: mawimbi marefu yapewe wekundu, mafupi yapewe buluu, ya katikati yapewe kijani na manjano. Hivyo rangi zimewekwa na watu, kwa kanuni, na vitu vyenyewe vipo. Ninyi mnaonisikiliza mnafanya jambo hilohilo saa hii. Mawimbi ya redio yamejaa uani kwenu tangu asubuhi na hakuna sikio lililoyasikia. Kisanduku hicho kidogo kinayageuza kuwa sauti yangu. Hakuna anayesema sauti hii ni ya uongo kwa sababu imepita kwenye mashine.

Kuna picha moja ya zamani ambayo siachi kuirudia. Tarehe 7 Desemba 1972, wanaanga watatu wa Apollo 17, Eugene Cernan, Ronald Evans na Harrison Schmitt, wakiwa njiani kwenda mwezini, waligeuza kamera nyuma. Jua lilikuwa mgongoni mwao, kwa hiyo dunia ilionekana nzima, imewaka yote. Na upande uliowageukia saa ile ulikuwa wetu. Juu kabisa Bahari ya Kati, chini theluji ya Ncha ya Kusini, na kati yake karibu Afrika yote, na mawingu ya masika yametanda kwenye bonde la Congo. Ni mojawapo ya picha zilizochapwa mara nyingi zaidi duniani. Kila aliyezaliwa Katanga kabla ya siku hiyo, akiwa nyumbani saa ile, yumo ndani yake.

Baadhi ya watu huniambia haya ni mambo ya wazungu. Hapana. Mwaka 1950, huko Ishango, mahali Mto Semliki unapotoka katika Ziwa Édouard, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa mdogo wenye safu tatu za mikato iliyochanjwa kwa mpango. Una umri wa miaka ipatayo 20,000. Mtafiti Alexander Marshack aliuchunguza na kusema kwamba mikato ile inafuata siku za mwezi, kuandama hadi kupevuka hadi kufifia. Wengine wanabisha, wanaona ni hesabu ya namna nyingine. Mimi sioni aibu kusema niko upande wa Marshack moyoni, ingawa ubishi haujaisha. Mfupa wenyewe uko Brussels katika jumba la makumbusho. Na karibu nasi zaidi, Watabwa wa kule Moba, kando ya Ziwa Tanganyika, walichonga safu za pembetatu kwenye vitu vyao vya heshima, wakizihusisha na kuchomoza kwa mwezi mpya. Katika masimulizi ya Waluba wenyewe, Nkongolo Mwamba, yule mfalme wa mwanzo, anahusishwa na upinde wa mvua. Wazee wetu waliangalia juu, wakafikiri, na waliyoyafikiri wakayaweka ndani ya mambo waliyoyaona makubwa kuliko yote: ufalme, kifo, mwanzo mpya.

Juu ya giza sitasema mengi, kwa kuwa kila mmoja wenu analijua. Umeme unapokatika tunahuzunika, na ni haki. Lakini anayekaa Lubumbashi au Kolwezi, penye taa za viwanda na migodi, hupoteza nyota nyingi ambazo mtu wa Kamina huzipata kwa kuvuka mtaa mmoja tu kutoka barabara kubwa. Adui yetu mkubwa hapa ni moshi. Kuanzia Agosti pori linachomwa pande zote, na kufikia Septemba anga la usiku limekuwa jekundu na zito karibu na upeo. Ndiyo maana nawahimiza juu ya Juni na Julai, pamoja na baridi yake. Vaeni koti.

Basi, hayo ni ya usiku. Lakini kuna siku chache ambapo anga halimngoji mtu atoke usiku kulitafuta. Huja lenyewe mchana, na kila mtu hulitazama, mwuza makala na bwana prefe wa shule pamoja.

Alhamisi tarehe 1 Septemba 2016 ilikuwa siku ya namna hiyo. Kivuli cha mwezi kiliingia bara letu kutoka Atlantiki kupitia Gabon, kikakatiza Congo zote mbili, kikavuka Ziwa Tanganyika, kikapita kusini mwa Tanzania na Msumbiji hadi Madagascar na Réunion. Waliosimama katikati ya njia yake waliona jua limebaki pete. Huko Rujewa, katika Mkoa wa Mbeya, Watanzania walikusanyika kwa wingi kuitazama. Sisi wa Kamina tulikuwa kusini mwa njia ile, kwa hiyo pete hatukuiona, lakini zaidi ya robo tatu ya uso wa jua ilifunikwa.

Mnamo saa nne na nusu mwanga ulianza kuwa wa ajabu. Haukuwa wa mawingu wala wa jioni. Vivuli vilikuwa vikali pembeni, rangi ya udongo mwekundu ilififia, na joto likapungua kana kwamba mtu amefungua mlango wa nyumba ya matofali. Nilikuwa uani chini ya mwembe. Hapo chini, kwenye vumbi lililofagiliwa asubuhi, palikuwa na mamia ya miezi midogo, yote imelala upande mmoja. Kila upenyo kati ya majani ulikuwa unapitisha mwanga na kuchora jua chini, na kwa kuwa jua lilikuwa limeliwa, kila mchoro ulikuwa umeliwa vilevile. Watoto wa majirani waliacha kuogopa, wakaanza kuikanyaga, na ile miezi ikapanda juu ya miguu yao. Mama mmoja alileta chujio lake la jikoni, akalishika juani, na ukutani tukaona miezi imejipanga safu kwa safu. Hakuna aliyetufundisha. Na hakuna aliyetazama jua lenyewe.

Jambo hilo la chini ya mwembe ndilo ninalotaka kila mwalimu anayenisikia alichukue. Toboa kadibodi tundu dogo kwa sindano, elekeza jua lipite pale, weka karatasi nyeupe chini ya kivuli: jua litajichora, na jicho halitadhurika. Kuna waliotumia radiografi ya hospitali, wengine kioo kilichopakwa masizi, wengine wakatazama jua kwenye ndoo ya maji. Mambo hayo matatu ni hatari. Sehemu ya ndani ya jicho inayopokea mwanga haina mishipa ya maumivu, kwa hiyo inaungua kimyakimya, na mtu hugundua baadaye, pengine kesho yake, kwamba katikati ya kila anachokitazama pana doa lisiloondoka. Miwani halali ya kutazamia jua ina alama ya ISO 12312-2. Fundi wa kuchomelea mwenye kioo cha giza namba 14 anaweza kukitumia; namba za chini hazifai kwa kazi hiyo.

Kwa nini jambo hili linatokea? Jua lina upana wa kilomita milioni 1.39, mwezi kilomita 3,474. Jua ni pana kuliko mwezi karibu mara mia nne. Na jua liko mbali kuliko mwezi, tena karibu mara mia nne. Kwa hiyo machoni petu vinalingana. Hakuna sheria ya maumbile iliyolazimisha viwe hivyo. Mwezi hauzunguki kwa duara kamili. Ukiwa mbali kidogo unakuwa mdogo kidogo, haufuniki jua lote, na tunapata pete kama 2016. Ukiwa karibu, unalifunika lote, nyota zinatoka mchana, na taji la jua, ule mwanga mweupe wa pembeni ambao siku zote umezidiwa, linaonekana kwa dakika chache. Na tena mwezi unatuacha. Vioo vilivyowekwa mwezini tangu 1969 na Apollo 11 vinarudisha miale ya leza, na vipimo vinaonyesha kwamba unasogea mbali sentimita 3.8 kila mwaka. Itafika siku, baada ya mamia ya mamilioni ya miaka, ambapo mwezi hautatosha tena kulifunika jua. Sisi tumezaliwa katika muda ambao unatosha. Kila nikifikiri hilo nashukuru.

Njia ile ya 2016, kutoka Atlantiki hadi Ziwa Tanganyika, ilifanana sana na nyingine iliyopita karibu miaka mia moja kabla yake. Tarehe 29 Mei 1919 kivuli cha mwezi kilipita Brazil, kikavuka bahari, kikapita kisiwa cha Príncipe, kikaingia Afrika na kukatiza Congo ya Wabelgiji hadi ufuko wa magharibi wa Tanganyika. Wakati ule reli kutoka Élisabethville ilikuwa imefika Bukama. Hapa Kamina ilikuwa bado. Kule Príncipe, Mwingereza Arthur Eddington alikuwa ameweka darubini yake katika shamba la kakao. Alitaka kujua jambo moja. Albert Einstein alikuwa amesema kwamba jua, kwa uzito wake, hupinda mwanga wa nyota unaopita kando yake. Lakini nani aone nyota kando ya jua? Ni wakati wa kupatwa tu. Na siku hiyo jua lilikuwa mbele ya kundi la nyota liitwalo Hyades, ambalo ni jirani wa Kilimia, kile kifungu cha nyota ambacho wakulima wa Afrika Mashariki wamekifuata tangu zamani kujua majira ya kulima.

Asubuhi ile Príncipe ilinyeshewa mvua kubwa. Mawingu hayakuondoka yote. Giza la kupatwa lilidumu dakika tano na Eddington alipiga picha 16 kwenye vioo, akibadilisha kimoja baada ya kingine, akiinua macho mara mbili tu. Viwili tu ndivyo vilivyotoka na nyota za kutosha kupimika. Wenzake waliokwenda Sobral, Brazil, walipata anga safi zaidi. Novemba 6 mwaka uleule, London, matokeo yalitangazwa: mwanga ulikuwa umepinda, karibu na kipimo alichokitaja Einstein.

Wanafunzi wa fizikia dunia nzima wanasoma habari hiyo, na ramani yao huishia Príncipe. Ramani ya kivuli haikuishia pale. Baada ya dakika zile tano kilikuja huku. Alasiri ile kilipita juu ya misitu na nyika za Congo, juu ya wavuvi na wakulima ambao pengine waliita watoto wao waingie ndani, na sijui kama kuna aliyeandika walichokiona. Vyuo vyetu vikifundisha uhusianifu wa Einstein, naomba vifundishe na sehemu hiyo ya njia.

Kuna nyingine iliyo karibu zaidi, ambayo wapo kati yetu walioishuhudia. Jumamosi tarehe 16 Februari 1980, kupatwa kamili kwa jua kuliingia Angola, kukakatiza Shaba, kama Katanga ilivyoitwa zama za Zaire, kukavuka Ziwa Tanganyika, kukapita Tanzania na kutokea pwani ya Kenya kuelekea India. Mwenye miaka hamsini na kitu leo alikuwa mtoto wa shule. Hao wanajua kitu ambacho mimi, pamoja na picha zangu zote, sikijui: jinsi mchana unavyozimika. Mwaka 2001, tarehe 21 Juni, giza kamili lilipita kusini kwetu, Lusaka wakaliona. Sisi tulipata sehemu yake tu. Sijawahi kusimama ndani ya kivuli chenyewe, na ni jambo ninalolitamani kuliko yote.

Makanisani wapo wanaosema kupatwa kwa jua ni ishara ya mwisho. Nawaheshimu wanaosema hivyo, maana hofu yao inatokana na kumcha Mungu. Lakini jambo linaloweza kuhesabiwa saa na dakika yake miaka mia kabla, na likafika saa hiyohiyo, kwangu linazungumza juu ya uaminifu wa ulimwengu ulivyoumbwa. Mwaka 2025, Jumapili tarehe 7 Septemba, mwezi ulichomoza mzima jioni, ukaanza kuliwa palepale, na ilipofika saa moja na nusu usiku ulikuwa mwekundu kabisa, ukabaki hivyo kwa zaidi ya saa moja. Tarehe hiyo ilikuwa imechapwa kwenye vitabu kabla ya wengi wetu kuzaliwa.

Na tarehe nyingine kubwa kwa ajili yetu imechapwa pia. Jumatano, 21 Mei 2031, kupatwa kwa jua kwa namna ya pete kutapita Angola, kusini-mashariki mwa Congo yetu, Zambia na Tanzania, kisha kuvuka Bahari ya Hindi hadi kusini mwa India. Itakuwa asubuhi, jua likiwa bado chini upande wa mashariki. Sisi wa Kamina tutaona sehemu kubwa ya jua ikifunikwa, na atakayeweza kusafiri kuelekea kusini-mashariki ataikuta pete yenyewe.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Wazazi wetu mliokuwa Shaba siku ile ya Februari 1980, popote mlipokuwa, Kamina, Kabongo, Bukama, Malemba-Nkulu, njooni hapa redioni mtusimulie mliyoyaona, tuyarekodi kwa sauti zenu kabla hayajapotea. Na ninyi walimu, maprefe na viongozi wa vijana wa makanisa: mwanafunzi anayeanza darasa la kwanza leo bado atakuwa shuleni siku hiyo ya 2031. Tafuteni miwani yenye alama ile mapema, kwa sababu wiki ya mwisho haitapatikana, na mfundishe kadibodi na sindano tangu sasa. Siku hiyo msiwafungie watoto madarasani. Watoeni nje, muwaweke chini ya miembe.